Anzia Kwenye Enhee

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Si kwa kupenda. Mwalimu wa sauti wa pale hospitali ndiye aliyeniamuru: kila siku niandike nimeongea na nani, kwa sauti ipi, na koo limeuma kiasi gani. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. Akasema, "Basi andika vibaya, mradi uandike."

Haya. Koo: linawaka. Nimeongea na nani: na mji mzima. Mimi nakaa chumba cha simu cha shirika la maji, meza ya dharura, huu mwaka wa kumi na sita. Bomba likipasuka au mtaro ukifurika, watu wananipigia mimi, nami nawaita mafundi kwa redio. Tangu Desemba sauti yangu inakatika katikati ya neno, na ikifika jioni haitoki kabisa. Wiki iliyopita waliniingizia kamera nyembamba puani mpaka kooni, nikaviona mwenyewe kwenye skrini: vinundu viwili, kila uzi wa sauti na cha kwake, vimetazamana kama wapangaji waliogombana.

Daktari amenipa mpaka mwisho wa Mei. Watapiga picha tena. Vikipungua, salama. Visipopungua, kisu, na baada ya kisu hakuna anayeniahidi nitabaki na sauti gani, au kama nitabaki nayo. Mtu wa simu asiye na sauti ni nani? Ni mtu aliyekaa karibu na simu.

Ijumaa, 8 Machi

Somo la kwanza. Mwalimu ni mwanamke mfupi, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kina viti viwili na feni bovu. Akaniambia niongee kama ninavyoongea kazini. Nikakaa sawa, nikatabasamu, nikasema, "Meza ya dharura, habari za leo, nikusaidie nini?"

Akaweka kalamu chini. "Huyo nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wewe ulikohoa pale mlangoni, nimekusikia. Aliyekohoa ndiye ninayemtaka. Huyu mwingine mwambie arudi kwao."

Nilikasirika, sisemi uongo. Nimeomba ruhusa ya saa mbili, nimelowa mpaka soksi, halafu mtu ananifukuzia sauti yangu! Yeye wala hakujali. Akasogeza kiti, akainama, akaanza kunisimulia habari za jirani yake, mwanamke aliyemfungia mumewe nje akiwa na taulo tu kiunoni, na waliokuwa wanapita njiani wakati huo si wengine ila wakwe.

"Enhee?" nikasema.

"Hapo hapo!" Akapiga meza. "Rudia."

"Enhee."

"Hiyo ndiyo sauti yako. Mtu akisikiliza umbea hajishikilii, sauti inakaa inapokaa yenyewe. Wewe umeishikilia juu miaka yote hii, sasa mkono umechoka. Anzia kwenye enhee, halafu weka sentensi. Enhee, leo mvua imenyesha. Enhee, nimechoka."

Nikasema. Ikatoka nene, ya chini, imetulia kifuani, na haikuuma hata kidogo. Machozi yakanilengalenga, sijui ya nini. Ni kama miaka kumi na sita nilikuwa sijajisikia mwenyewe.

Masharti: maji mengi, kujifukiza mvuke asubuhi na jioni, marufuku kunong'ona, na sauti hiyo niitumie kila mahali. "Kila mahali," akarudia. "Usinifanyie ujanja."

Yule mume wa taulo nilimuulizia mwishoni. Kumbe alimtunga. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu anataka niandike ilianzaje. Ilianza siku ya tatu kazini. Mteja alipiga simu akasema, "Mlinzi, hebu nipe mtu wa ofisini." Msimamizi wa wakati ule, mwanamama wa kucha ndefu, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Binti, ukiongea hivyo watu watadhani wamekuamsha. Pandisha. Tabasamu. Ongea kama unamsifia mtoto wa bosi." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi nilikuwa naihitaji. Nikapandisha. Nilidhani ni kwa kipindi cha majaribio tu.

Jumanne, 12 Machi

Simu mia na tisa. Koo linauma. Sauti: ya juu. Nisijidanganye.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimejaribu kazini. Simu ya kwanza: "Kaka, huku kwetu maji yanatoka mekundu." Nikapokea taarifa, nikaandika, sikumsahihisha. Simu ya pili: "Samahani mzee, yule dada mwenye sauti nzuri yuko wapi leo?" Chiriku, mwenzangu wa meza ya pili, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alianguka juu ya makaratasi kwa kicheko. "Mzee, nikuletee chai?" Simu ya tatu nikaipokea kwa sauti ya juu. Saa tano nzima nilikuwa naona aibu, na sijui niliona aibu mbele ya nani, maana wale watu hawanijui hata kwa sura.

Jumapili, 17 Machi

Ukurasa huu nitaukunja, Mwalimu asiusome.

Nyumbani sijajaribu hata mara moja. Mume wangu ni fundi cherehani, duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kila mtu anamwita Fundi, nami pia. Tulijuana kwa simu. Maji yalimwingilia dukani, akapiga kulalamika, amefura kwa hasira. Kesho yake akapiga tena, na bomba lilikuwa limeshatengenezwa. Siku ya nne akakiri: "Dada, sina shida yoyote ya maji. Nimepiga niisikie tu hiyo sauti." Tuliongea miezi mitano kabla ya kuonana. Siku ya kuonana nilienda na sauti ileile, ningeendaje na nyingine? Nikajiambia nitamzoesha polepole. Ikaja siku ya pili, ikaja harusi, akaja mtoto. Huko kuzoesha polepole kuna miaka kumi na minne sasa.

Nikiwa peke yangu jikoni naongea kwa sauti yangu, na sufuria, na chumvi. Mlango ukilia, inapanda yenyewe kabla sijaamua. Naogopa. Alimpenda yule wa kwenye simu. Huyu wa jikoni hajawahi kumwona.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mvua. Simu mia na arobaini.

Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu amenishika. "Kazini?" Nikasema nusu kwa nusu. "Nyumbani?" Nikasema vizuri tu. Akavaa miwani. "Nyumbani?" Nikatazama feni.

Nikamjaribu kwa hoja: sitaki kuongea kama mwanaume. Akacheka kwa pua. "Nani amekwambia uongee kama mwanaume? Ukiikandamiza chini kwa nguvu utaumia vilevile. Sikupi sauti ya mtu. Nakuambia uache kunyanyua. Sauti ya mwanamke ni ile inayotoka kwa mwanamke, basi, hakuna hesabu nyingine." Halafu akaniambia vinundu havijui kama niko kazini au kwa mume wangu. Nikitumia sauti yangu kwa saa nne halafu ile ya juu kwa saa kumi na mbili, najipaka dawa huku najikwaruza.

Nimetoka pale nimenuna. Mvua ilinipiga njia nzima na sikufungua mwavuli.

Alhamisi, 28 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na miwili na sauti yake imeanza kuteremka, imekuwa yangu mtupu. Leo jioni mteja wa baba yake alibisha hodi. Binti alikuwa anaongea nami kawaida, anabishana kuhusu viatu vya shule. Akaenda kufungua, nikamsikia: "Karibuuu, habari za leo?" Juu kabisa, na tabasamu ndani yake. Akarudi, akaendelea na viatu kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyemfundisha. Mungu wangu, hakuna aliyemfundisha ila mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mama Mkwe anakaa nasi mwaka wa tatu sasa. Siku zote nimemwona mtu wa dharau: namwambia jambo, anatazama ukuta. Namuuliza anataka chai, ananiambia ni saa kumi. Nimeshamlalamikia Fundi mara ngapi.

Leo Fundi alikuwa amekwenda kununua nyuzi, nami koo lilikuwa limekataa kabisa kupanda. Nikamwambia Mama kwa sauti yangu, "Mama, dawa ya shinikizo unameza kimoja asubuhi, hii nyeupe ni ya jioni." Akageuka, akanitazama vizuri.

"Kumbe unajua kuongea," akasema.

"Kwani siku zote nafanyaje, Mama?"

"Siku zote unapiga filimbi. Naona midomo inakwenda tu. Nikasema labda ndiyo adabu ya kwenu, nikakaa kimya."

Masikio yake yamezeeka, sauti za juu hayazishiki tena. Miaka mitatu tumechukiana kwa ajili hiyo! Tumekaa mpaka adhuhuri ananipa historia ya ukoo mzima, na mimi enhee, enhee. Mwanamke ana maneno yule. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 10 Aprili

Sasa nyumba yangu ina sauti mbili. Mama anapata ya chini, Fundi anapata ya juu, na wakikaa pamoja mezani sisemi kitu, najifanya nina mafua. Jana Mama kamwambia Fundi, "Mkeo siku hizi anaongea vizuri sana." Fundi akadhani anasifia tabia, akanipa mnofu mkubwa. Nimechoka na maisha haya. Nazunguka chumba hadi chumba kama niliyepoteza funguo.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika yote, nisisahau.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane mchana kikosi cha pili, watu watano, walikuwa ndani ya shimo la bomba kuu la barabara ya juu, shimo la kina cha mtu na nusu. Injinia, mkubwa wa mafundi wote, alikuwa ng'ambo ya daraja lililofurika, simu haipatikani, redio kimya. Ikaingia simu ya mwanamke anayekaa ghorofa ya pili juu ya lile shimo. Alikuwa analia. "Dada, ardhi inafunguka nyuma ya hao vijana wenu! Naiona dirishani! Wao wamegeukia huku, hawaoni! Nimewapigia kelele, hawanisikii kwa hii mvua!"

Nikashika redio. "Kikosi cha pili, kikosi cha pili, tafadhali tokeni hapo mlipo."

Nyapara wao akajibu, "Dada, subiri kidogo, tunakaza nati."

"Kikosi cha pili, tafadhali, ni hatari, ukuta wa..." Hapo ikakatika. Kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta.

"Dada, nimesema subiri."

Nikajaribu mara ya tatu, haikutoka hata hewa. Chiriku alikuwa amesimama, anapiga namba ya Injinia tena na tena. Nikavuta pumzi, nikaacha kunyanyua, nikaiacha sauti ikae pale inapokaa.

"Kikosi cha pili. Tokeni shimoni. Wote. Sasa hivi. Mkishatoka, fungeni koki kuu zote mbili."

"Sawa, Injinia!"

Nilimsikia. Naliandika hapa kwa sababu kesho wataniuliza: nilimsikia vizuri kabisa akisema Injinia. Na nilichosema mimi ni neno moja tu. "Haraka."

Walitoka. Yule mwanamke wa ghorofani alikuwa bado kwenye simu, anahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Kisha nikasikia kishindo kupitia simu yake, na yeye akapiga yowe. Ukuta wa shimo ulianguka wote. Sanduku la vifaa na ngazi vimezikwa pale.

Nikaweka redio chini, nikamshukuru yule mwanamke.

Koo: haliumi. Hilo ndilo la ajabu.

Jumatano, 17 Aprili

Barua. Koki kuu hufungwa kwa amri ya Injinia peke yake, maana zikifungwa upande mzima wa mashariki unakosa maji, na hospitali yenyewe iko huko. Walikaa bila maji mpaka asubuhi. Nimesimamishwa kazi, nihojiwe Jumanne. Kosa: "Kujifanya Injinia kwenye redio ya shirika." Msimamizi aliponikabidhi barua hakunitazama. "Hivi uliigizaje?" akaniuliza mlangoni, taratibu. "Hebu niigizie kidogo."

Ijumaa, 19 Aprili

Habari zimemfikia Fundi kabla yangu. Mji huu jamani. Mteja aliyekuja kupunguza suruali ndiye aliyemletea.

Nilimkuta mezani anakata kitambaa, utepe wa kupimia shingoni. Hakuinua kichwa. "Wanasema umeigiza sauti ya mwanaume redioni. Na wamekusimamisha. Mimi naambiwa na mtu wa suruali."

"Sikuigiza," nikasema, na ikatoka ile ya juu. Nikajisikia. Mwongo mkubwa mimi, hata wakati wa kusema kweli. Nikavuta pumzi. "Sikuigiza, Fundi. Hii ndiyo sauti yangu. Niliyokuwa naigiza ni ile nyingine."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

"Miaka kumi na minne?"

"Kumi na sita, na ya kazini."

Alikaa. Nilitaka apige kelele, hakupiga. "Basi mimi nilikuwa nampigia nani simu miezi mitano?"

"Mimi."

"Huyu simjui," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu swali. Afadhali angenitukana.

Mama Mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Akasema bila kugeuka, "Mimi namjua. Ndiye anayenisomea dawa zangu."

"Mama, hili si lako."

"La nyumba ni langu. Nimekaa miaka mitatu na yule mwingine, simjui hata neno lake moja."

Fundi akaondoka na mvua ile bila koti. Karudi jioni, kala, kalala. Mimi nimepiga pasi nguo zote za nyumba hii, mpaka mapazia.

Jumapili, 21 Aprili

Hajasema kitu. "Nipe chumvi" si kitu.

Jumanne, 23 Aprili

Chumba cha mkutano, wazee watatu wa kamati, jagi la maji. Upande mmoja Injinia, amekunja mikono. Upande wa pili nyapara wa kikosi cha pili, kofia mapajani.

Wakaweka kinasa sauti mezani, wakaifungulia ile amri. "Tokeni shimoni. Wote. Sasa hivi." Nikajisikiliza. Sikuwahi kujisikia hivyo, nikiwa nje ya mwili wangu. Nilisikika kama mtu anayejua anachosema.

Mwenyekiti akamuuliza Injinia, "Hii ni yako?"

"Si yangu. Na si ya huyu dada pia, tunamjua sote anavyoongea."

Sasa hapo ndipo walipoanza kumtafuta mwanaume. Kweli kabisa! Nani alikuwa zamu chumba cha simu? Hakuna mwanaume. Fundi wa kompyuta je? Mlinzi alipanda juu? Walibishana dakika kumi nzima nikiwa nimekaa pale, barua ya kunituhumu ikiwa mbele yao, yenye jina langu. Damu ikanichemka.

"Ni mimi," nikasema. Kwa sauti yangu. "Wazee, acheni kusumbuka. Ni mimi."

Mwenyekiti akaniomba nirudie maneno ya redioni. Nikarudia, bila kupaza, nikimtazama yeye. Mzee wa kushoto akashusha kalamu. Nikatoa cheti cha daktari, nikaeleza vinundu na yote, na kwamba kinachoitwa sauti yangu kwenye rekodi zao za miaka kumi na sita ndicho kilichoniharibu koo.

Mwenyekiti si mjinga. "Sawa. Lakini ulimsikia akikuita Injinia. Mbona hukumsahihisha?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Yote yakaniponyoka. "Niliogopa. Angejua ni mimi, angeniambia nisubiri."

Wakamgeukia nyapara. Mtu mzima yule, mikono imejaa makovu. Alizungusha kofia. "Ningemwambia asubiri," akasema. "Nilishamwambia mara mbili, mmesikia wenyewe kwenye hicho chombo. Ile sauti ya siku zote mimi sikuwa naisikiliza, wazee. Ilikuwa inapita tu. Nina watoto wanne nyumbani."

Injinia alifungua mikono, akaikunja tena.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimerudishwa. Barua ya onyo kwa kutomsahihisha nyapara, nimeikubali, ni haki yao. Na utaratibu mpya: meza ya dharura inaweza kuwatoa watu shimoni bila kumngoja mtu. Koki zinabaki za Injinia.

Nilikwenda dukani kumpa Fundi habari. "Hongera," akasema, pini mdomoni. Nikangoja. Pini hazikutoka.

Ijumaa, 3 Mei

Wiki nzima kazini kwa sauti moja. "Kaka..." "Ni dada. Endelea." "Mzee..." "Ni dada, endelea, bomba liko wapi?" Wanaomba radhi, tunaendelea, bomba linatengenezwa. Hakuna aliyekufa. Chiriku amechoka kunitania, amerudi kwenye ndoa za watu. Koo: kidogo sana, jioni tu.

Jumatano, 8 Mei

Leo Fundi alizima cherehani, akaja jikoni, akasimama mlangoni. Nikajua kuna jambo, maana cherehani haizimwi mchana.

"Nakuomba kitu kimoja. Niite kama zamani. Mara moja tu, halafu sitakuomba tena."

Koo limepona kiasi cha kuweza. Niliisikia sauti ya juu inajiweka tayari, inapanda ngazi mbiombio kama mtu aliyeitwa na bosi wake. Neno moja tu. Nani angekufa? Na uso wake ulikuwa unaomba kweli, si kwa utani. Nampenda huyu mtu.

"Hapana," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nikikupa leo utaingoja na kesho. Mimi sina tena pa kuiweka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Naona kama kuna msiba," akasema, "na aliyekufa yuko mbele yangu anakatakata vitunguu." Nikacheka, ikanitoka tu. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye cherehani. Nimelia, na nisisingizie vitunguu.

Jumanne, 14 Mei

Mvua zinapungua. Simu thelathini na nne. Naogopa tarehe ishirini na nne, siku ya kupigwa picha tena. Kama nimevunja nyumba yangu na vinundu havijaondoka, je?

Jumatatu, 20 Mei

Leo Fundi kaniuliza, "Chai ina sukari?" Nikasema ina. Akasema, "Sema tena." Nikasema, "Ina sukari, Fundi." Akanywa. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Ijumaa, 24 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Fundi alisema atanisindikiza hospitali. Sikumwomba. Tulikwenda bega kwa bega, akabaki uani kwenye mabenchi ya wanaosubiri.

Kamera puani tena. Nilifumba macho. Daktari akawa anasema "mmh" na "mmh", kila "mmh" ikinipunguzia mwaka mmoja wa kuishi. Kisha akanigeuzia skrini. Kimoja hakipo. Cha pili kimebaki kama punje ya mtama, na yeye anasema kitakwenda chenyewe. Hakuna kisu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza, akaingia bila kubisha, akanikumbatia mpaka miwani yake ikanichoma kifuani.

Nikatoka mbio. Ua ulikuwa umejaa, watu wote waliofungiwa na mvua wametoka siku moja. Nikamwona Fundi upande wa pili, karibu na lango, amenipa mgongo, mikono mfukoni.

"Fundi!" nikaita.

Wakageuka mafundi wawili. Mmoja alikuwa juu ya ngazi anatengeneza mfereji wa paa, mwingine amebeba sanduku la umeme. Wangu hakugeuka. Alikuwa anatazama barabarani tu.

Nilisimama pale katikati ya watu. Nilijua dawa ya haraka: nipandishe. Angegeuka kabla sijamaliza, miaka kumi na minne aligeukia ile. Nilikuwa na habari njema mdomoni na nilitaka ageuke kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Sikupandisha. Nikavuta pumzi mpaka tumboni nikaita tena, palepale, vilevile.

"Fundi."

"Naam," akasema, na ndipo akageuka. Akaja akipenya watu, akanitazama usoni, akayajua majibu kabla sijasema.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka uite tena."

Mwongo, au si mwongo, sijui, na kwa leo sikumuuliza.